Matanga ya Bibi

Juzi nilizima redio kwa hasira. Mtangazaji, sauti ya mtu aliyeshiba, alikuwa akituambia kwamba huzuni ndiyo inayoipa furaha ladha. Nikajikuta nimerudi darasani, hapa hapa Bunia, mbele ya mwalimu wetu wa Kifaransa.

Mwalimu huyo aliwapenda washairi wa zamani wa Ulaya, wale waromantiki walioona raha katika kulia. Alisoma amefumba macho. Kwao, alisema, furaha na huzuni hukaa nyumba moja. Nilimpenda, nikaamini yote.

Jioni nikamsomea bibi mashairi hayo akitwanga sombe, majani ya muhogo, nikimtafsiria kila mstari. Akaacha kutwanga. Bibi alikuwa amekimbia vita kutoka Djugu kwa miguu, akaacha huko makaburi ya wanawe.

"Huyo mutu hajazika," alisema. "Machozi haiko sukari, mutoto yangu."

Nikabisha: mbona kwetu siku ya kuvunja matanga watu wanakula na kucheza?

"Ile furaha haitoke mu machozi. Inatokaka kwa majirani. Wanalala na weye chini, wanapika, wanaosha masufuria, mpaka siku moja wanakushika mukono: simama, cheza."

Na ilikuwa hivyo kweli. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tuliingojea siku hiyo kwa hamu: harufu ya samaki wa ziwani Kasenyi, fufu ya moto, ule ugali wetu wa muhogo, ngoma, akina mama wakigombana juu ya chumvi na macho yao bado mekundu. Aliyefiwa alianza kucheza kwa kujikokota. Baadaye ungemsikia anacheka.

Kisha risasi zikafika mtaani kwetu. Wiki hiyohiyo bibi akafa kwa homa, maana hakuna aliyethubutu kutoka kumpeleka hospitali. Tulimzika asubuhi. Kabla ya jioni majirani wote walikuwa barabarani, godoro kichwani, kila mmoja na njia yake. Hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna aliyepika.

Basi mtu asiniambie huzuni inazaa furaha. Ikiachwa peke yake inazaa huzuni nyingine, basi. Waliotutawanya siwasamehe kwa hilo: walinipokonya watu wa kunishika mkono. Majirani wa leo ni wema, ila hawakumjua bibi, na siwezi kuwaomba wamlilie. Nimecheza kwenye matanga ya watu wengi mjini humu. Ya bibi hayajavunjwa mpaka leo.