Mzee Breki Avisha Pete za Mkewe

Alipokuwa dereva wa lori walimwita Breki, kwa kuwa akiona mbuzi kwa mbali alikuwa ameshakanyaga. Alipostaafu, mikono yake ikakosa cha kushika. Akahamisha viti, akapanga upya masufuria hata mkewe akawa hajui chumvi iko wapi.

Mkewe alikuwa mdarizi wa foronya na vitambaa vya meza. Alichoka kumwona akizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Mzee, hebu kaa. Nisaidie kuvisha pete hizi."

Zilikuwa pete zake za mbao za kudarizia, zile zinazokwenda mbilimbili, moja ndani ya nyingine, kitambaa kikabanwa katikati. Mbao tupu huteleza, tena huacha alama kwenye kitambaa laini. Kwa hiyo pete ya ndani huzungushiwa utepe wa pamba.

Breki akajitosa mzimamzima. Akapaka gundi, akazungusha, akamalizia kwa fundo la kufungia turubai. "Hiyo haitoki mpaka kiama!"

"Ahsante, mume wangu," mkewe akasema, akimeza cheko.

Asubuhi moja Breki aliwahi kurudi kutoka kwa kinyozi. Akamkuta mkewe na binti yao mkekani, wanafumua pete zake zote na kuzivisha upya.

"Mama, si umwambie tu?"

"Nimwambieje? Huoni anavyofurahi?"

Breki alisimama mlangoni, kofia mkononi. Kuharibu kazi hakukumchoma sana. Kilichomchoma ni kufichwa kama mtoto mdogo.

"Mama watoto," akasema, "nimeendesha lori maisha yangu yote. Nikikosea, watu walinipigia kelele. Wewe ndiye wa kuninyamazia?"

Mkewe alishtuka, uso ukamwiva kwa aibu. Kisha akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Haya, njoo nikupigie kelele."

Akampigia kweli. Gundi itachafua hariri! Fundo litaacha kovu! Piga msasa kwanza, mzee, mbao isikwaruze. Utepe ufuliwe upigwe pasi, usije ukachuja rangi. Zungusha mshazari, kila mzunguko uulalie nusu ule uliotangulia, na mwisho ushone kwa upande wa ndani. Binti yao alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Breki alivisha ya kwanza akaifumua, akafumua na ya pili. Ya tatu mkewe akaipitishia kidole pole pole, asiseme neno.

"Mbona kimya tena?"

"Hii sina la kusema."

Alasiri ile mkewe aliibana hariri kwenye pete hiyo, akaigonga kwa ukucha, ikalia kama kigoma. Akaanza kudarizi jani la kwanza. Breki akabaki pale pale mkekani, bega kwa bega na mkewe, akitazama sindano inavyozama na kuibuka, chai yake ikipoa.