Muhuri wa Ofisi ya Vyeti

Ofisi ya vyeti vya kuzaliwa ilipotangaza kwamba chai imesimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko, Mama Chai, mpika chai wa hapo, alibaki ameshika kitoroli chake. Miaka kumi na sita alikuwa akikisukuma meza hadi meza. Alijua nani hanywi sukari, na nani hanywi mbele za watu tu.

Hakufukuzwa. Bosi alimwambia afute vitasa vya milango hadi mwisho wa mwezi, "halafu tutaona, mama." Hilo "tutaona" likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, na mshahara uliokuwa ukiingia nyumbani ni huo mmoja.

Ofisi ilijitahidi, hilo hakukataa. Wafanyakazi waligawanywa makundi mawili, kila moja na wiki yake. Wananchi walihudumiwa dirishani, wamesimama juu ya alama za rangi uani. Bosi, kijana mpole wa miwani, alipiga magoti mwenyewe na kamba, akipima nafasi kati ya meza na meza.

Mama Chai akawa anafuta na kutazama. Siku ya tatu akaona jambo.

Muhuri ulikuwa mmoja kwa ofisi nzima. Tangu zamani, aliyeutaka aligonga meza mara mbili, na aliyekuwa nao akamrushia. Meza zilikuwa zimetenganishwa, lakini muhuri uliendelea kuruka kati yake kama panzi. Tena kabla ya kuugonga kwenye cheti, kila karani alishusha barakoa, akaupulizia pumzi, haaa, ili wino ukolee. Asubuhi moja alihesabu mikono tisa na vinywa tisa.

Jioni akamweleza binti yake.

"Si umwambie bosi?"

"Mpika chai nimfundishe bosi kazi? Huo mwisho wa mwezi utafika kesho."

"Mama, na wewe ukitoka huko unarudi humu ndani nilimo."

Hilo lilimchoma. Kesho yake akabisha hodi kwa bosi. Akamkuta barakoa iko kidevuni, muhuri uko mdomoni karibu kuubusu.

"Bosi, samahani. Usipulize."

Bosi akauondoa mdomoni.

"Huo umetoka kwa karani wa dirishani sasa hivi. Kabla yake ulikuwa kwa karani wa masijala, na kabla ya hapo kwa yule dada wa kona. Wote wamepuliza."

Bosi aliutazama muhuri, akaurudisha mezani taratibu kama yai. "Mimi nimepima meza kwa kamba siku mbili," alisema. "Hili sikuliona."

Mchana huo kitoroli cha chai kilisogezwa karibu na dirisha. Juu yake palikaa muhuri, pedi ya wino iliyoloweshwa vizuri ili muhuri usihitaji kupulizwa, na kitambaa cha kufutia. Karani alitia saini, akaweka cheti kwenye trei; Mama Chai aligonga muhuri, na hakuna mwingine aliyeugusa. Wiki ya kundi la pili yeye alibaki nyumbani, na mhudumu wa kundi hilo akaishika kazi ya muhuri.

"Mama Chai kapanda cheo," karani wa dirishani alimtania. "Sasa tukuamkie kwa kuinama?"

"Inama, lakini mbali."

Siku kumi baadaye karani huyo alilazwa. Kundi zima likapimwa. Mama Chai alijifungia chumbani siku mbili akisubiri majibu, hali kitu, ingawa binti yake alimpitishia sahani mlangoni. Kisha ofisi ikapiga simu: wengine wote walikuwa salama. Alipoipata simu hiyo aliketi sakafuni akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Mwisho wa mwezi ulifika. Alimsubiri bosi kwenye korido.

"Uliniambia tutaona."

"Tumeshaona, mama. Kaa na kitoroli chako."

Karani wa dirishani alirudi baada ya wiki tano, amekonda, suruali imeshikiliwa na mkanda. Akaketi, akachukua cheti, na kwa mazoea akagonga meza mara mbili.

Hakuna aliyemrushia kitu.

"Leta hapa," alisema Mama Chai, akifuta muhuri. "Na usipulize."