Aliyemsukuma Chifu Kwenda Kulipwa

Muigai jirani yetu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa polepole utadhani yanatozwa kodi. Nyumba yake na yetu zilikaribiana mno, maana ndivyo tulivyopangwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, tulipotolewa makwetu na kurundikwa kijijini kule juu ya Thika, ng'ambo ya mto Chania. Ukikohoa kwako, jirani anakupa pole kwake. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota sokoni.

Alirudi kutoka kizuizini amekonda, na meno ya mbele hayapo. Mkewe Gathoni alimpikia, akamwacha ale kwanza, ndipo akamwambia kwamba shamba la kando ya mto, lile alilorithi kwa baba yake, si lao tena. Serikali ilikuwa imeamua kuunganisha mashamba na kuyapima upya, na aliyesimamia ugawaji kwetu ni chifu Gachanja. Gathoni alikuwa amempelekea Gachanja kondoo dume mnono ili shamba lisiguswe mume akiwa mbali. Gachanja akampokea kondoo, akashukuru, akachinja. Baadaye mtu mwingine akaleta mtamba wa ng'ombe. Mtamba ni mkubwa kuliko kondoo. Huhitaji kusoma ili kulijua hilo. Gathoni akapewa kipande cha mawe mteremkoni, ambacho hata viazi vyake vilitoka vidogo vidogo, vya kuoneana haya.

Si wao peke yao. Kulikuwa na mjane aliyetoa mbuzi, kulikuwa na mzee aliyetoa fedha za mahari ya binti yake. Lakini Gachanja wakati huo alikuwa na askari na bunduki, na sisi tulikuwa na midomo tu, tukaifunga.

Kisha kiharusi kikampiga. Mguu na mkono wa kushoto vikafa, na mdomo ukaenda upande. Wapo waliosema Mungu amejibu. Mimi sikuona jibu lolote, maana serikali ilimpumzisha kwa heshima, ikamshukuru hadharani kwa utumishi wake mwema, ikampa pensheni. Utumishi mwema! Nilipolisikia neno hilo nilitema mate, na sioni aibu kulisema. Kwetu mtu akizeeka hulishwa na watoto wake. Huyu sasa angelishwa mpaka kufa na kodi ya wale wale aliowala akiwa na nguvu.

Pensheni yenyewe ilibidi aifuate Thika kila mwezi, maana ofisi ilitaka kumwona kwa macho kabla ya kumlipa. Basi halikufika kijijini kwetu. Kuanzia pale kwetu hadi mjini ni mteremko mkali hadi darajani, kisha kupanda. Mumbi, mke wa Gachanja, akawa anatafuta mtu wa kumpeleka, na mtu mwenye mkokoteni alikuwa mmoja. Muigai aliuunda mwenyewe kwa mbao na magurudumu makuukuu yaliyotupwa kwenye shamba la mkonge. Alikuwa akibebea makaa.

Usiku Mumbi alipokuja kumwomba, sisi tulisikia kila kitu. Alipoondoka, Gathoni alilipuka.

"Ngai wakwa! Akule shamba yako, halafu umbebe akakule pesa? Wewe ni punda ya nani, Muigai?"

Tulisikia kigoda kikisogezwa.

"Wamboi yuko shule," Muigai akasema.

Hakuna zaidi. Wamboi alikuwa mtoto wao wa pekee aliyebaki hai, naye alikuwa shule ya bweni ya wamisheni huko Ruiru, akisifiwa na walimu. Ada yake ilitakiwa iwe tayari kila muhula ama arudi nyumbani aende kuchuma kahawa. Muigai alikuwa ameomba kazi katika mashamba yote ya kahawa ya Ruiru, akaomba na viwanda vya Thika. Kila mahali waliangalia kipande chake cha utambulisho, wakaona ametoka wapi, wakamrudishia. Makaa hayakutosha. Gachanja alilipa taslimu na kwa wakati. Gathoni alijua hivyo vilevile, na nadhani ndicho kilichomkasirisha zaidi.

Basi tukawa tunawaona. Gachanja kwenye kiti cha jikoni kilichofungwa kwa kamba juu ya mkokoteni, amevaa koti lake la zamani lenye vifungo vya serikali. Nyuma yake Muigai, akiteremka kwa kuegemea nyuma na visigino kuchimba udongo, akipanda kwa kifua. Watu njiani walimwamkia aliyekaa. Aliyesukuma hakuamkiwa, wala wao wawili hawakuzungumza. Mimi ningekuwa ndiye, ningeuachia mkokoteni pale mteremkoni tu, nikasema mkono umeteleza. Muigai hakuuachia hata siku moja.

Mwaka wa hamsini na tisa manung'uniko yakafika kwa bwana DO, afisa wa wilaya, kijana mpya wa Kizungu aliyetoka kwao juzi na kujifunza Kiswahili vitabuni. Akaitisha baraza kijijini. Alitaka kusikia kama ni kweli Gachanja alikula mali za watu, na kama ni kweli, basi pensheni itakatwa. Wiki nzima wanawake mtoni hawakuwa na habari nyingine. Wengine walisema ikatwe hata leo. Wengine wakasema, na watoto wa Mumbi je, hao walikula kondoo wa nani? Walikula nyama kama baba yao, nikawaambia, na sikupendwa.

Siku ya baraza Gachanja alifika kwa mkokoteni, ambao ulisukumwa na Muigai. Akawekwa mbele, juani, akiwa bado kwenye kiti chake juu ya mkokoteni.

DO akasimama. "Ninyi mliandika malalamiko. Sasa ni nani mwenye neno juu ya mzee huyu?"

Mjane wa mbuzi akaangalia vidole vyake vya miguu. Yule mzee wa mahari akakohoa. Watu waliokuwa simba mtoni wakawa mabubu, maana kila mtu alijiuliza huyu kijana akihamishwa kesho, mimi nitabaki na nani.

"Mimi niko na neno," sauti ikasema. Ilikuwa ya Muigai.

Akaeleza polepole, bila kupaza sauti: kondoo, mtamba, shamba la mto, kipande cha mawe. DO alisikiliza vizuri.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Nasukuma yeye. Kila mwezi napeleka yeye Thika achukue pensheni."

Watu wakaguna.

"Na pensheni ikikatwa, wewe utapata nini?"

"Hakuna. Nitakosa kazi."

"Kwa nini basi unasema?"

"Si umeuliza?"

Hapo tukacheka, na moyo wangu ukapanda. Nikaona imekwisha, huyu ameshinda. Mtu anayesema jambo la kumnyang'anya mkate wake mwenyewe, utasemaje anadanganya? Nikamwona Gathoni amesimama wima, macho kwa mumewe, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

DO akafikiri. "Wewe ulikuwa kizuizini?"

"Ndio."

"Ulipotoka, ni nani alikupa kazi?"

Muigai akautazama mkokoteni.

"Ni nani? Mzungu? Mhindi? Ndugu zako hawa?"

"Hakuna," Muigai akasema. "Ni yeye tu."

Basi DO akatugeukia akiwa amefurahi kabisa, kama mwalimu aliyepata jibu la hesabu. Akasema tumeona wenyewe. Mzee huyu alikuwa adui wa watu kama Muigai, lakini alipokuja hana kitu, mzee alimsamehe na kumlisha wakati sisi sote tulimkataa. Je, mtu wa namna hiyo ni mwizi? Watu wengine wamekaa kimya kwa sababu hawana malalamiko. Pensheni itaendelea.

"Na kondoo yangu?" Gathoni akapiga kelele. "Bwana, kondoo yangu je?"

"Mama, kondoo ulimtoa mwenyewe. Kutoa rushwa pia ni kosa. Keti chini kabla sijaandika jina lako."

Gathoni hakuketi. Aligeuka akaenda zake, na kanga yake ikaburura vumbi.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Thika, na watu wakatawanyika mbio. Hakuna aliyekuja karibu na Muigai kumpa mkono. Tulimwonea haya. Gachanja alibaki pale mbele kwenye kiti chake, hawezi kusimama, matone ya kwanza yakimwangukia kofiani. Muigai alimtazama kitambo. Kisha akaenda nyuma ya mkokoteni, akainua mipini yake.

Mimi nilikuwa na mzigo wa kuni, na njia yetu ni moja, nikawa nyuma yao. Walipofika kwenye kona ambako hapana nyumba, Gachanja akaongea, kwa ule mdomo wake wa upande.

"Muigai. Umesema kweli."

Mkokoteni ukasimama. Nilidhani leo ndiyo leo, nami nikashusha kuni.

"Si ungesema pale?" Muigai akauliza.

"Na ningekula nini?"

Mvua ilikuwa imekolea. Yule mzee alijipangusa uso kwa mkono wake mzima, akasema tena, kwa upole, kama anavyosema mtu na mtu wa nyumbani mwake:

"Mwezi ujao tutoke mapema. Safari iliyopita jua ilitusumbua."

Muigai akasukuma. Mwezi uliofuata walitoka mapema, kabla hakujapambazuka vizuri, kwa kuwa Wamboi alikuwa bado yuko shule. Gathoni alikuwa macho, najua, nilimsikia. Alilia bila kuficha mpaka waliposhuka wakatoweka upande wa mto.