Nilimpokonya Kawira Maiki kwenye Mazishi ya Mama Yake

Mimi ni mnafiki, tena mnafiki aliyesoma. Wacha niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine.

Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja karibu na Laare. Miaka yote nimewachambulia wanafunzi mashairi ya kuwasuta viongozi wa Afrika waliopokea uhuru wakaufanya shamba lao. Nikifika hapo hupandisha sauti: mshairi hamwogopi mtu!

Kawira, si jina lake, alikuwa mwanafunzi wangu na alinisikiliza kuliko wote. Mama yake alifariki baada ya kurudishwa nyumbani mara mbili na zahanati isiyo na dawa. Familia ikaniomba niongoze mazishi.

Mheshimiwa diwani wa wadi yetu alikuja akapewa kiti cha mbele. Nilikuwa nimemwomba anipigie debe nipate ualimu mkuu.

Kawira akasimama kando ya jeneza na shairi alilolitunga mwenyewe. Aliuliza walioikatia zahanati utepe na kupigwa picha, dawa zilipitia wapi. Mheshimiwa akakunja uso. Nami, mwalimu mzima, nikaogopa kuukosa ualimu mkuu.

Nikampokonya maiki. Nikatangaza, "Mtoto amelemewa na uchungu, tumwombee," nikaanzisha wimbo. Kisha nikamkaribisha mheshimiwa, akaongea mpaka akachoka, na jeneza likateremshwa. Kawira alibaki ameshika karatasi yake.

Watu walipotawanyika nilimfuata nikamwambia nilikuwa namlinda.

"Mwalimu," akasema, "kwani hizo mashairi zote ulikuwa unatufunza za exam tu?"

Hajanisalimia tangu siku hiyo, na tunapitana sokoni kila wiki.

Ualimu mkuu alipewa mwingine, lakini hilo haliniumi. Kinachoniuma ni nilichoambiwa baadaye na shangazi yake. Shairi lilikuwa limebakisha ubeti mmoja, na haukuwa na siasa hata kidogo. Ulikuwa wa kumuaga mama yake. Nilimkatiza kwa woga wangu, tena nikamsingizia kwamba amezidiwa.

Siku hizi nikifika kwenye mashairi hayo darasani, nawaandikia wanafunzi maswali ubaoni kisha nakaa chini. Najichukia.

Wewe unayepewa maiki mazishini, mfiwa akianza kusema, mwache amalize, hata kama mkubwa ananuna. Mheshimiwa atahutubia mazishi mengine Jumamosi ijayo. Kawira hatamzika mama yake tena.