Bado ya Bibi wa Kichina

Mimi siwezi kukaa kitako. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu kwenye kiti, na Ijumaa ile siafu walikuwa wameita ukoo mzima. Kesho yake wazee wa upande wa mwanaume walikuwa waje nyumbani kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa utambulisho wa uchumba, na mbuzi wao, na mimi sikuwa nimesema ndiyo. Sikuwa nimesema hapana pia. Nilikuwa nimesema bado.

Hili ni kosa la lugha kwanza, langu baadaye. Kwa Kiswahili, ukimwuliza mwanamke kama ameolewa hasemi hapana. Anasema bado, hata kama ana miaka themanini na amekusudia kuzikwa vile vile alivyo. Ni adabu. Basi kila mwanaume huyo aliponiuliza kama niko tayari, nami nikamjibu bado, yeye alisikia "karibu". Mara ya tatu alicheka kwa furaha, akaenda kuwaambia wazee wachague mbuzi.

Mwanaume mwenyewe ni mtafsiri wa filamu pale Bwera, mpakani na Kongo. Anakaa mbele ya kibanda cha video na maiki mkononi. Filamu inasema lugha yake, naye anasema juu yake kwa Kiswahili cha mpakani, na watu wa soko, wa huku na wa ng'ambo ya Kongo, wanalipia sauti yake kuliko picha. Filamu za vita ndizo zake. Jenerali wa nchi yoyote, akipita mdomoni mwake, anakuwa askari wa kizuizi barabarani: "Wewe! Simama! Kaa chini! Unacheka nini?" Nimewahi kucheka mpaka nikaanguka kwenye benchi.

Lakini huwezi kuolewa na sauti. Miaka minne nilikuwa nimemwambia kila kitu changu. Alijua mguu wa mama unaomsumbua kipindi cha mvua. Alijua kwamba nafundisha darasa la kwanza kusoma, na kwamba kila mwanzo wa muhula naumwa tumbo kwa hofu. Alijua nakula nimesimama. Mimi, juu yake, nilijua kwamba anapenda samaki wa Hamukungu na kwamba ni mcheshi. Nikimwuliza habari za baba yake, anajibu, "Ah, Madamu, ile filamu ni ndefu."

Na hakuwa mtu wa kuandika. Mimi ni mtu wa kuandika. Nikikasirika naandika, nikifurahi naandika. Kila nilipomtumia ujumbe, alinijibu kwa sauti: "Nimeona, Madamu. Tutaongea." Jumatano ya wiki ile nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikauandika tena. Mwisho wake ulisema hivi: Niambie kitu kimoja kukuhusu ambacho hujamwambia mtu. Kimoja tu, kabla ya Jumamosi.

Jibu lilikuja kwa sauti, na jogoo akiwika nyuma yake. "Nimeona, Madamu wangu. Iko bien, iko sawa. Ijumaa kuja Bwera uone filamu ya mapenzi ya Wachina. Nimekutafutia wewe."

Nilikasirika hata chai ikanishinda. Ndiyo sababu nilikwenda. Shule zilikuwa zimefungwa, na nilitaka kumwangalia usoni.

Kibanda kilikuwa kimejaa watu waliomaliza kuuza, wengine na magunia yao matupu mapajani. Jua la mchana lilipiga mabati, na blanketi zilizoziba madirisha zilinuka jasho. Jalada la filamu lilisema Kikantoni, lakini kwetu chochote kinachotoka upande ule ni Kichina. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, ili niweze kusimama.

Filamu yenyewe ilikuwa ya ovyo kabisa. Mwanaume mwenye suti anagongana na mwanamke kwenye lifti, kahawa inamwagika, wanagombana. Wanakutana tena kwenye mvua, wanagombana. Halafu, bila mtu kutuambia kwa nini, wanapendana. Yule mwanamke hakuwa na kazi. Hakuwa na mama, hakuwa na mtaa, hakuwa na hata jirani wa kumwomba chumvi. Alikuwa na magauni tu. Kila tulipomwona alikuwa amebadilisha gauni, na kila gauni lilicheka kicheko kilekile. Mwanaume naye alikuwa na meno na gari. Nilikunja miguu, nikaikunjua, nikatoka nje kunywa maji, nikarudi, na hakuna kilichokuwa kimetokea.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, na mimi kusoma ndiyo kazi yangu. Maandishi yalisema mwanaume anakwenda hospitali kumwona shangazi yake. Mtafsiri wangu akasema anakwenda Hamukungu kununua samaki. Watu wakacheka. Maandishi yalisema mwanamke anaogopa kusafiri kwa ndege. Yeye akasema, "Huyu bibi tumbo inamuuma. Iko mwalimu. Kesho shule inafunguka, batoto beko wengi, hajue ataanzia wapi."

Nilitulia. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikaa kitako.

Akaendelea. Bibi wa Kichina akapewa mama mwenye mguu mbaya, anayejua mvua kabla ya redio. Akapewa tabia ya kula amesimama, na kwa bahati mbaya picha ikamwonyesha amesimama na bakuli, kibanda kizima kikapiga kelele ya furaha. Mtu wa mbele yangu alipiga goti lake akasema, "Mama yake ndiyo anafurahisha! Mguu ya redio!" Uso uliniwaka moto. Mguu wa mama yangu ulikuwa umefanywa kichekesho cha siku ya soko. Na bado, wacha niseme ukweli, sijawahi kusikilizwa vile maishani. Hakuna neno langu hata moja lililokuwa limepotea. Nilitaka kumpiga, na nilitaka aendelee.

Mwisho ukafika. Mwanaume akapiga magoti juu ya daraja, pete mkononi, fataki zikapasuka angani. Mwanamke akajibu, na maandishi yakasema kwa Kiingereza kwamba amekubali. Machozi yanamtoka, anamkumbatia. Mtafsiri akaleta maiki karibu na mdomo. Kisha akasema polepole, "Bado."

Kibanda kilichafuka. "Iko nadanganya!" mmoja alisimama. "Bado gani? Anamukumbata pale!" Mwingine akadai filamu irudishwe nyuma. Yeye akashika maiki kwa mikono miwili na kurudia, "Huyu bibi amesema bado. Miye ndiye najua."

Nilimngojea nje, chini ya paa la duka la vitenge. Alikuja akijipangusa shingo, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Filamu iko aje, Madamu?"

"Umempa mgeni mama yangu."

"Ile bibi iko empty," alisema. "Haina mama, haina kazi. Ningemupa nini? Niko na wewe tu."

"Na yule mwanaume? Yeye ulimpa nini?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akitafuta kwenye filamu nzima. Hakuwa amempa kitu. Meno na gari, basi. Hapo nikaona kilichokuwa kinanikosesha usingizi tangu wazee waanze kuchagua mbuzi: mimi ndiye niliyekuwa naolewa na mtu wa filamu, mcheshi nisiyejua habari zake.

"Nilikuuliza kitu Jumatano," nikamwambia. "Nataka jibu sasa hivi."

"Nilikwambia nimeona, Madamu." Akacheka. "Kitu yangu ya siri? Napenda samaki."

"Basi ni hapana."

"Bado?"

"Si bado. Hapana."

Neno lilitoka gumu. Hata mwenye duka aligeuka.  Nilikuwa nimeshainua mkono kumwita bodaboda, mtafsiri aliponishika ukingo wa mkoba.

"Sikuona," alisema.

"Hukuona nini?"

"Ile ya Jumatano. Hakuna hata moja nimeona. Naona picha yako inatokea, najua ni wewe, nafurahi." Aliangalia chini. "Miye sijue kusoma. Hata Kiswahili. Vita ilitukuta niko mwaka ya kwanza ya shule, tukakimbia, baba akabakia kule Kongo. Kingereza ya masikio nasikia, lakini ya kuandika pale chini ni kama sisimizi. Wachina natunga yote. Sasa nitaambia mwalimu aje?"

Bodaboda alikuwa amesimama na kutungoja. Nilimpungia aende. Niliona aibu mpaka miguuni. Watoto wa darasa la kwanza, walioshikwa na hofu mbele ya ubao, nawajua kwa kuwatazama mgongo tu; huyu nilikuwa naye miaka minne.

"Kwa hiyo ni hapana," alisema.

"Bado," nikamjibu. Akaniangalia kama anayetafuta maana yake. "Bado," nikarudia. "Piga simu, wazee wasije kesho."

Alipiga pale pale. Mzee mmoja alifoka mpaka nikamsikia mimi. Alipomaliza nilimwomba simu, tukakaa kwenye ngazi za duka. Nilipitisha kidole juu, juu, juu, ujumbe baada ya ujumbe, hasira zangu na furaha zangu zote, mpaka nikafika wa kwanza kabisa. Ulikuwa wa siku tuliyojuana, mvua ilipomkuta akirudi Bwera kutoka Kasese.

"Umefika salama?" nikamsomea.

Aliinama juu ya simu.

"Nilifika," alijibu. "Soma ingine."