Nilienda reunion kusubiri sentensi moja, nikaishia kupewa jembe

Wakuu, salaam. Wenye umri wangu humu najua hamfiki watano, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea zote kwa pamoja, marahaba, tuendelee.

Ninachoandika ni kweli tupu. Majina nimebadilisha na shule siitaji, lakini tukio lenyewe sijalitia chumvi hata kidogo.

Nina miaka sitini na nane. Naishi Ukonga na binti yangu Rehema, mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyeninunulia simu hii ninayoandikia, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mlaumuni yeye.

Sekondari nilisoma shule ya kutwa huko pembezoni mwa Temeke, katikati ya miaka ya sabini, Ujamaa umepamba moto. Vijana wa sasa Elimu ya Kujitegemea mnaisoma kama swali la mtihani. Sisi tuliishika kwa mikono.

Kila Jumatano na Ijumaa mchana vitabu vinafungwa, majembe yanatoka, tunaelekea shambani.

Kila mwanafunzi anapimiwa ngwe yake. Kwa wasiojua, ngwe ni kile kipande cha shamba unachopimiwa kwa kamba, ukilime chote, kikaguliwe, ndipo uruhusiwe kwenda kwenu.

Na haikuwa mchezo. Siku hizo kufaulu mtihani peke yake hakukutosha. Kila mmoja alikuwa na ripoti ya kazi na tabia, na ripoti hiyo iliwekwa pamoja na alama zako unapochaguliwa kwenda kidato cha tano. Uwe na kichwa namna gani, ukiandikwa mvivu umekwisha.

Sasa nije kwa Yahaya.

Yahaya alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alikuwa kiongozi wa vijana pale shuleni, kijana wa maneno. Akisimama kwenye gwaride kuwasema wanyonyaji na makupe wanaokula jasho la wenzao, hata walimu walikuwa wanatikisa vichwa. Yeye pia ndiye aliyeshika daftari la kazi. Nani kamaliza ngwe, saa ngapi, nani kachelewa, yote aliandika yeye.

Ila Yahaya alikuwa na pumu. Vumbi la shamba likimwingia kidogo tu, anakohoa mpaka macho yanatoka. Angeweza kusema akasamehewa, lakini kiongozi gani wa vijana anaomba kusamehewa jembe?

Basi siku ya kwanza kabisa, tukiwa kidato cha kwanza, alilima mistari mitatu akaanza kukohoa. Akanisogelea, akanipa jembe lake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimalizie."

Nikammalizia.

Ikawa ndiyo desturi. Analima mistari mitatu watu wamwone, kisha anachukua daftari kuzunguka kukagua wenzake. Mimi ngwe yangu ilikuwa daima jirani na yake, maana mpangaji alikuwa yeye. Naanza na ya kwake, kwa sababu ya kiongozi lazima iishe mapema iwe mfano. Nikiimaliza ndipo narudi kwenye ya kwangu, wenzangu wameshanawa mikono.

Sikulalamika. Nilikuwa na nguvu. Mzee wangu alitoka kusini, alikuwa mchonga vinyago, na mpini wa jembe langu aliuchonga mwenyewe ukakaa sawasawa na viganja vyangu. Halafu Yahaya alikuwa ananifundisha hesabu jioni, na bila yeye hesabu ningezisikia redioni. Niliona tunasaidiana. Ndugu anamsaidia ndugu, si ndivyo tulivyokuwa tunaimba?

Matokeo yake nikawa wa mwisho kumaliza kila siku, miaka minne. Darasa likanibatiza jina, Konokono. Waliokuwa wanaona nadhani walikuwepo, ila daftari lilikuwa mkononi mwa Yahaya na hakuna aliyetaka jina lake liandikwe vibaya.

Kidato cha nne, karibu na mwisho, kukawa na kikao cha darasa zima cha kupitisha ripoti za kazi. Tulikuwa tunaitwa mmoja mmoja mbele, unasemwa, unajitetea. Nikaitwa. Mwalimu wa shamba akauliza mbona mtu mwenye mwili kama huu kila siku wa mwisho.

Nikamtazama Yahaya.

Wakuu, mngekuwa mimi mngesema? Ningesema tu, "nalima ngwe mbili," rafiki yangu angekuwa kupe mbele ya shule nzima. Kiongozi mwenye maneno makali vile, kumbe analimiwa na mwenzake! Wangemvua uongozi siku ileile. Nikanyamaza ili aseme mwenyewe, kwa namna atakayoona inafaa. Pumu si aibu, nilidhani atasema.

Yahaya akafungua daftari akasoma. "Huchelewa kumaliza kazi." Basi. Akafunga.

Na hakusema uongo, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilikuwa nachelewa kweli.

Ripoti ikaandikwa kwamba mimi ni mzito wa kazi na sina moyo wa kujitegemea. Mkuu wa shule alimwita mzee wangu akamwambia alama zangu zinatosha kidato cha tano, kilichoniangusha ni jembe. Yahaya akachaguliwa.

Nilimweleza mzee ukweli usiku huohuo wa aibu. Alinisikiliza huku anapiga msasa kinyago chake, akasema, "Yaani ulime ngwe mbili halafu uandikwe mvivu? Uongo mwingine tafuta wenye akili." Hakuurudia tena mjadala huo. Amekufa akiamini amezaa mvivu.

Mimi nikaenda kiwanda cha nguo, kupakia majora. Nimepakia mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha nikawa mlinzi. Watoto wangu nimewaeleza habari ya ngwe mara nyingi, na kila mara wananijibu "haya baba", ile haya ya kumridhisha mzee. Rehema ndiye huwa anaitikia kwa upole kuliko wote, na upole wake ndio unaouma zaidi.

Sasa mwaka huu nikatafutwa. Kuna group la wenzetu kwenye simu, wanaandaa reunion, T-shirt za njano, pilau, MC, na sherehe itafanyika palepale shuleni Jumamosi mchana. Nikaona orodha ya watakaohutubia. Wa kwanza Yahaya. Amestaafu akiwa mkubwa huko maofisini, anaishi Msasani.

Nikamwambia Rehema twende wote. Sikumwambia kwa nini. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, Yahaya aseme sentensi moja mbele ya mwanangu. "Huyu alikuwa ananilimia." Maneno matatu, mengine abaki nayo.

Tulifika mapema. Shamba letu lote sasa ni nyumba za watu, limebaki kipande kidogo nyuma ya madarasa. Kutoka getini mpaka kwenye turubai watu walikuwa wananiita Konokono, Konokono, wanacheka, wananikumbatia. Hawakuwa na ubaya. Rehema akaniuliza, "Baba, mbona wanakuita hivyo?" Nikamwambia subiri.

Yahaya aliposhuka kwenye gari nilimfuata kabla hajakalishwa. Amenenepa, kichwa cheupe, kikopo cha dawa ya pumu kinaonekana mfukoni mwa shati. Alinikumbatia kwa nguvu.

"Konokono, ndugu yangu. Bado upo?"

"Nipo. Yahaya, mie nina ombi moja. Binti yangu yule pale amekuja. Leo usiondoke hujasema habari ya ngwe."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nitasema. Umefanya vizuri kunikumbusha. Leo nitasema."

Nilirudi kukaa nikiwa mwepesi. Nilikula sambusa mbili, nikamwambia Rehema akae viti vya mbele asikie vizuri. Mzee mzima nilikuwa na furaha ya Idi.

Yahaya akapewa kipaza sauti. Sauti ileile, haijazeeka. Akazungumzia nidhamu, akazungumzia uzalendo, akasema vijana wa leo hawajui jasho. Kisha akasema kuna jambo ameombwa alikumbushe.

"Mnaikumbuka ngwe? Mimi kama kiongozi nilikuwa namaliza ya kwangu wa kwanza, halafu nazunguka kuwasaidia waliokuwa wazito. Konokono yuko wapi? Simama ndugu yangu. Huyu nimemlimia sana huyu. Hatukuachana nyuma, ule ndio ulikuwa ujamaa wenyewe."

Makofi. Vigelegele.

Nikasimama, maana nilikuwa nimeitwa.

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, wakuu. Ningeuona ningepata cha kumshika. Sikuuona. Yule mtu alikuwa anaamini anachosema. Miaka yote hiyo, kidogo kidogo, ameigeuza habari kichwani mwake mpaka imemkaa. Hata nilipomwomba aseme, moyoni alielewa kwamba nataka yeye ashukuriwe.

Nikageuka kumtazama Rehema. Alikuwa anapiga makofi taratibu na wenzake, ameinamisha macho. Alikuwa ananionea aibu. Nilichukia, sitaki kuwadanganya. Nilimchukia Yahaya, nikajichukia mimi, nikaichukia na ile T-shirt ya njano.

Ningekuwa na akili ningeondoka pale pale. Lakini MC akatangaza kwamba tunahamia nyuma ya madarasa, kuna kipande kimepimwa kwa kamba kama zamani, mgeni rasmi, yaani Yahaya, atalima ngwe ya kumbukumbu kabla ya kupanda miche.

Wakamkabidhi jembe jipya, mpini bado una karatasi ya dukani. Simu zote juu.

Akalishika mikono yote miwili mwishoni kabisa mwa mpini, kama mtu aliyeshika fimbo ya kuua nyoka. Akapiga la kwanza, jembe likaruka. La pili likakwaruza juu tu. La tatu likaingia kwenye mzizi, akaanza kukohoa. Watu wakapiga makofi, MC akasema mnaona mzee bado yumo. Simu zikaanza kushuka, watu wakaanza kurudi kwenye turubai kuwahi keki.

Yahaya akatoa kikopo chake akavuta dawa. Akatazama ngwe, akatazama pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, jirani, kama zamani.

Akaninyooshea jembe. Akasema kwa sauti ya chini, "Nimalizie."

Nikalipokea.

Nasema kweli, mikono ilitangulia, kichwa kikafuata nyuma. Nilishalima nusu ndipo nikagundua ninachofanya. Na nikaona kuacha katikati itakuwa vibaya zaidi, kazi iliyoanzwa ikiachwa wataniita tena mzito. Nikaendelea. Udongo mgumu, mizizi, jua la mchana. Nikaimaliza yote mpaka kwenye kamba, na kingo nikazinyoosha.

Nilipoinua kichwa Yahaya hayupo, ameenda kukata keki. Aliyebaki pale ni Rehema peke yake, amesimama anatazama ngwe, kisha mikono yangu, kisha ngwe.

Jioni ileile video ikawekwa kwenye group. Yahaya anapiga jembe mara tatu, halafu inaruka, inaonekana ngwe imekwisha. Watu wakaandika hongera kiongozi.

Lakini hilo halikuniuma sana. Lililoniuma ni njiani. Tulichukua bajaji kurudi Ukonga. Tukafika Buguruni, foleni imekaza, ndipo Rehema akasema.

"Baba, yule mzee hajawahi kulima."

"Hajawahi."

"Kwa hiyo kumbe ni kweli. We ndo ulikuwa unamlimia."

"Ni kweli."

Miaka yote hiyo nilikuwa nalisubiri neno hilo kutoka kwa mwanangu. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha, mbele ya dereva wa bajaji.

Akanigeukia. "Sasa leo umelipokea la nini?"

Sikumjibu. Mpaka tumefika nyumbani, mpaka nimeoga, mpaka leo.

Nilichojifunza, kwa aliye kijana. Ukiwa na ukweli wako useme mwenyewe, siku ileile, kwa mdomo wako. Usimtazame mtu usoni ukisubiri akusemee, hata akiwa rafiki yako. Mimi nimemtazama Yahaya mara mbili, kwenye kikao na chini ya turubai, na mara zote mbili nimekaa kimya kwa ajili yake. Yeye alinifanyia ubaya mara ya kwanza. Ya pili jembe nimelipokea mimi.

Wazee wenzangu na nyie vijana, uwanja ni wenu, nisemeni mtakavyo, nimeshazoea kusemwa mbele za watu. Ila mwenye jibu la kumpa binti yangu aliandike hapa chini. Rehema ni mwanachama humu, na najua atapita kusoma.