Mtia rangi na dakika nane za rubarbu

Saa moja asubuhi Gunnvor Tveitane anamimina chai ya rangi kwenye bilauri ya maji ya bomba. Hana nia ya kuinywa. Anaitazama ikigeuka nyeusi kama wino, kisha anaketi na kushika kichwa.

"Chuma," anasema. "Maji yamejaa chuma."

Mumewe, Torleiv, aliyechimbisha msimu wa vuli kisima kipya kinacholisha bomba hilo, hataki kusikia. "Maji yenyewe yanang'aa hivi! Unayasingizia tu, mke wangu."

"Yanang'aa, ndiyo. Nenda kaangalie kile kitambaa, halafu urudi uniambie yanang'aa."

Kitambaa chenyewe kiko kwenye beseni. Jana kilitakiwa kitoke chekundu. Kimetoka zambarau chafu. Ni sufu iliyofumwa na mama yake Borghild Nystog, jirani mwenye miaka themanini na mmoja. Mfumaji amekwishafariki na kipande ni hicho kimoja. Jumapili mjukuu wa Borghild anapata kipaimara, na kizibao chake kitashonwa kwa kitambaa hicho. Borghild hajaambiwa lolote.

Gunnvor, 58, ametia rangi sufu za mavazi ya asili kwa miaka thelathini na nne hapa mkoani Telemark, kazi inayompa kroner elfu kumi na tisa mwezi ukiwa mzuri. Kila maji mapya huyapima kwa chai, kwa kuwa chai ikikutana na chuma huwa nyeusi. Safari hii alisahau. Nyumba hii ni ya kahawa, na kahawa ni nyeusi siku zote.

"Wekundu tunaoukamua kwenye mizizi hushikiliwa kwenye sufu na shabu, ile chumvi ya kugandisha rangi," anaeleza. "Chuma kikiingia, kinaunyakua na kuutia giza."

Dawa ni majani makavu ya rubarbu, mmea mchachu wa bustanini, yaliyochemshwa. Asidi yake hukishika chuma na kukitoa kwenye sufu. Shida ni kwamba haichagui: ikikaa mno hunyakua na shabu, rangi yote ikaenda na maji. Amejaribu kwenye nyuzi mbili za pembeni. Dakika nane, uzi mwekundu. Dakika kumi, uzi umefubaa kabisa.

Anatumbukiza kitambaa kwenye chungu cha majani hayo. Anaanza kukoroga.

Dakika ya tano mlango unafunguliwa. Ni Borghild.

"Mbona mmenyamaza kama mko msibani? Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kimo humu chunguni, mama. Nimekiharibu. Najaribu kukiokoa."

Borghild hapigi kelele. Anavua saa mkononi na kuiweka mezani. "Bado dakika ngapi?"

"Tatu."

"Basi koroga, mwanangu. Kulia utalia baadaye."

Ya nane inapotimia, kitambaa kinatolewa na kusuuzwa kwa theluji iliyoyeyushwa, kisha kinaanikwa juu ya benchi. Kinaonekana chekundu. Lakini sufu iliyolowa hudanganya. Rangi ya kweli itajulikana ikikauka, kesho asubuhi.

Torleiv, kwa aibu, anamuuliza mgeni kama atakunywa chai.

Borghild anaiangalia ile bilauri nyeusi. "Ya kisima chako? Nipe kahawa."

Gunnvor amepanga kuweka mapipa ya kukinga mvua, kisima kibaki cha ng'ombe. Kwa sasa ana ombi moja. "Kesho nataka nikione mimi kwanza, peke yangu. Kikiwa kibaya, nitakuja kukwambia mwenyewe."

"Thubutu!" anasema Borghild. "Aliyekifuma ni mama yangu. Kiwe chekundu, kiwe cheusi, tutakiona pamoja."

Anavua viatu na kujilaza kwenye benchi, chini ya kitambaa kinachodondosha maji.